Sakitu Kwenye Bega la Kushoto

Sina picha ya Fundi. Alikaa miaka mingi ndani ya chumba kilichojaa nyuso za watu, na wake haukuwahi kutundikwa ukutani. Ukimwambia akae mbele ya kamera yake mwenyewe alicheka tu: "Halafu nani atanikata?" Kwa hiyo yote nitakayosema juu yake nayatoa kichwani.

Studio yake ilikuwa Makambako, nyuma kidogo ya stendi, kwenye safu ya vyumba vya biashara ambavyo upepo wa pale ulivipiga mchana kutwa. Siku hizi chumba kile kinauza mitungi ya gesi. Nikipita nageuza kichwa, kisha nakumbuka.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa umri ambao karibu kila aliyeingia alimwamkia shikamoo. Alivaa sweta la kijivu lililofumuka mikononi, nyuzi zikining'inia hadi kwenye vidole. Mtu aliyeweza kutwa nzima kusafisha ukingo wa sikio la mtu asiyemjua hakuwahi kuzikata nyuzi zile. Alichukia baridi, akailalamikia kila siku, na bado mlango aliuacha wazi, kwa sababu alisema taa ya umeme inadanganya rangi ya ngozi.

Mimi aliniita Mwandishi. Mara ya kwanza niliingia kwake kujikinga na mvua, nikiwa nimetumwa stendi kufuatilia habari kwa ajili ya redio yetu ya Njombe. Alilitazama daftari langu.

"Unaandika au unajikinga?"

"Vyote, Mama."

"Basi kaa kwenye benchi. Usiwaloweshe wenye kazi."

Benchi lile nililikalia kwa miaka. Kila nilipokuwa na safari ya Makambako, na mara nyingine nikijitungia safari, nilipita pale. Nilimwona akipiga paspoti za wanafunzi, akitengeneza kadi za harusi, mabango ya kwaya na fulana za mahafali. Lakini kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya misiba. Watu walimletea picha yoyote waliyokuwa nayo: marehemu akiwa katikati ya watu kumi kwenye kipaimara, au amesimama kando ya ng'ombe, au kitambulisho kilichofifia. Yeye alimtoa marehemu peke yake kutoka humo, akamweka juu ya rangi tulivu, ikawa picha ya kutangulia jeneza na baadaye ya kutundikwa sebuleni.

Kumtoa mtu hivyo pale kuliitwa kumkata. Ukiwa mgeni ulishtuka. Nilishamwona mzee mmoja aliyekuja kupiga paspoti akiinuka kwenye benchi taratibu baada ya kijana kuchungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi, baba umeshamkata?" na Fundi kujibu bila kugeuka, "Nimemkata tangu asubuhi. Yamebaki masikio."

Shida ya kazi ile iko ukingoni. Mtu akipigwa picha mbele ya ukuta mweupe au mbele ya mbingu ya mchana, mwanga wa nyuma yake humng'ata kidogo pembeni. Ukimkata na kumhamishia kwenye rangi nyeusi, mwanga ule unamfuata. Unabaki mstari mwembamba mweupe kuzunguka nywele, mabega na mikono, na mtu anaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Mafundi wengine waliuita mstari mweupe tu. Yeye aliuita sakitu, kama ile barafu nyembamba inayolala juu ya viazi Makete alfajiri za Juni. Wateja wa Makete walicheka kila walipomsikia, kisha wakanyamaza, kwa kuwa wanaijua. Alfajiri sakitu inapendeza. Jua likipanda, jani lililokuwa jeupe linakuwa jeusi, na shamba limekwisha.

"Kwenye kioo cha kompyuta utaiona ndogo," aliwaambia. "Subiri ikachapwe kubwa. Itamuunguza uso mbele ya waombolezaji wote."

Anayeanza kazi hupunguza ukingo wote kwa mpigo mmoja, mwili mzima. Sakitu inaondoka kweli, ila inaondoka na ncha za vidole, masikio na mikunjo ya kilemba. Fundi alikwenda kipande kwa kipande. Kwenye koti alipunguza. Kwenye nywele hakuthubutu; pale alichota rangi ya nywele za ndani akaivutia nje, polepole, mpaka weupe ukafunikwa na unywele ukabaki. Kisha alimweka mtu juu ya weusi mtupu akamtazama, akamweka juu ya wekundu akamtazama tena, ndipo akampa mandhari aliyoombwa. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na weusi wakati mteja ameomba bluu ya mbinguni.

"Kwenye mwanga kila mtu amekatwa vizuri," alisema. "Mpeleke gizani ndipo utajua ulichomfanyia."

Alikuwa na neno la kila mtu, na si la upole wakati wote. Mwenyekiti wa kwaya moja alimletea bango lililotengenezwa kwingine. Wanakwaya walikuwa wamepigwa picha wakiwa wamesimama kwenye majani, kisha wakahamishiwa kwenye maporomoko ya maji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyafikia. Ukijani wa majani ulikuwa umebaki kwenye pindo za majoho yao yote.

"Kamwene, Fundi. Naomba uiangalie kwaya yangu."

"Kamwene. Kwaya yako imeota ukoka, Mwenyekiti."

"Utang'oleka?"

"Utang'oleka. Ila msije mkasimama tena kwenye malisho, nyie si mbuzi."

Alikuwa akiyacheka mabawa, mawingu na njiwa ambayo watu waliagiza kwa ajili ya marehemu wao. "Mzee huyu alikuwa anauza mbao, anarukia wapi?" Lakini mabawa aliyoyatengeneza yeye yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote Makambako, kila unyoya na kivuli chake. Nilimkumbusha kwamba dakika chache kabla aliyadhihaki. Akasema dhihaka ni yake na mabawa ni ya mjane.

Kulikuwa na kitu kimoja asichokiondoa bila kuuliza, nacho ni mkono wa mtu mwingine. Ukimkata mtu kutoka kwenye picha ya kundi, mara nyingi mkono wa jirani yake unabaki begani. Siku moja alikuja mama mnene mwenye kitenge cha msiba, na picha ya mumewe.

"Mkono huu niutoe?" Fundi akamwuliza.

"Utoe upesi."

"Ni wa nani?"

"Wa mke mwenzangu."

Fundi aliukuza ule mkono mpaka ukajaa kwenye kioo. "Ulikuwa unamshika vizuri."

Yule mama alikodoa macho. Mimi nikainamia daftari. Kisha mama akaangua kicheko, kicheko kile cha msibani ambacho machozi yako karibu. "Fundi we mchokozi! Haya, uache. Alimpikia vizuri pia." Ile picha ilichapwa ikiwa na mkono ule begani.

Maswali yake hayakuishia kwenye mikono. Kabla hajagusa ukingo wowote alimwuliza mteja, "Alikuwaje?" Ukisema alikuwa mtu mzuri, mpole, mcha Mungu, alikukatiza. "Hayo mwachie mchungaji. Nakuuliza shingo. Alikuwa anainua kidevu au anakiinamisha? Nywele zake zilisimama au zililala?" Wengine walikasirika, maana walikuwa na gari la kuwahi na kaburi linachimbwa. Aliwasubiri. Mwishowe walifumba macho na kukumbuka, na nadhani kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona marehemu wao tangu afe.

Niliamini kwamba alizaliwa na maswali hayo. Haikuwa hivyo. Siku moja ya mvua, wateja wakiwa hawapo, alifungua droo akanionyesha picha ya mzee mmoja wa Iwawa, kule Makete. Ilikuwa safi kabisa, hakuna hata chembe ya weupe pembeni. Alisema hiyo ndiyo kazi yake mbaya kuliko zote. Mzee alipigwa picha akiwa ameligeuzia jua mgongo, na Fundi, enzi hizo akijisifia mkono mwepesi, aliondoa sakitu yote kichwani. Familia ilipokuja kuchukua, mjane aliishika ile picha kwa mikono miwili akaiangalia sana.

"Huyu ni mdogo wake," alisema.

"Hapana, bibi, ndiye yeye. Ni picha ileile mliyoleta."

"Mume wangu alikuwa na mvi. Alizeekea kwangu, nikiona. Mvi zake ziko wapi?"

Fundi alikuwa amezinyoa pamoja na sakitu. Gari lilikuwa linasubiri barabarani, na safari ya Makete ni ndefu. Mzee alikwenda kuzikwa na picha ya ujana ambao mkewe hakuutambua. Fundi aliirekebisha wiki ile ile, akapanda gari akaipeleka mwenyewe Iwawa, licha ya baridi aliyoichukia. Ile mbaya aliiomba arudi nayo. Kila mara mkono wake ulipoanza kwenda mbio aliifungua droo.

"Si kila cheupe ni sakitu, Mwandishi. Na mimi nisiyemjua marehemu nitatofautishaje, kama siulizi?"

Sasa nifike kwenye jambo langu, ambalo nimelizungukia.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Simkumbuki. Ninayo picha yake moja: kwaya ya kanisa la kijijini kwetu, nje kidogo ya Njombe mjini, wamesimama mistari mitatu, majoho meupe, mbele ya ukuta uliotoka kupakwa chokaa. Yeye ni wa mwisho, upande wa kushoto wa wanakwaya wenyewe, mstari wa nyuma, hakuna aliyemziba. Bibi aliyenilea ndiye aliyenionyesha kwa kidole: "Yule." Bibi naye akaondoka, na kidole chake nacho.

Nilitaka mama yangu awe peke yake ukutani kwangu. Ni hicho tu. Nikampelekea Fundi picha ile nikiamini ni kazi ya siku moja. Aliiskani, akaikuza.

"Joho jeupe, ukuta mweupe," alisema. "Bega la kulia nimelipata, kuna kivuli cha jirani yake. La kushoto linaishia wapi?"

Nilisogea. Kwenye kioo kulikuwa na weupe ulioingia kwenye weupe.

"Sijui."

"Alikuwa na mabega gani?"

"Sijui, Fundi. Nilikuwa mdogo."

"Wanaojua wapo?"

"Wapo wachache."

"Kawaulize, halafu njoo."

Sikwenda. Kazi yangu ni kuuliza. Nimewauliza wakulima bei ya parachichi, nimewauliza madiwani habari za barabara, nimesimama Ludewa nikiuliza watu wa Mchuchuma kama makaa ya mawe yataanza kuchimbwa lini. Lakini nyumbani sikuwahi kumwuliza mtu mama yangu alikuwaje. Nafikiri niliogopa kwamba wataniambia kitu kidogo sana, kisha kitakuwa ndicho chote.

Kila nilipopita studio nilimwuliza, "Vipi yule mama?" Naye aliniuliza, "Umeuliza?" Nikasema bado. Akasema, "Basi na mimi bado." Ikawa kama salamu yetu.

Mwaka mmoja nilichoka. Nilikuwa na nakala ya picha ile, nikaipeleka kwa kijana mwenye studio Njombe mjini, mwepesi, mchangamfu. Alimkata mama kwa dakika kumi. Mstari mweupe ulimzunguka mwili mzima, nikamwambia. "Hiyo ndogo sana, dada," akasema, akapunguza ukingo wote mara moja, na tena, mpaka weupe ukaisha. Bega la kushoto alilikisia: alilinakili la kulia, akaligeuza. Akanichapia kubwa, na mawaridi pembeni.

Niliipeleka Makambako nikiwa na hasira, nikaiweka juu ya meza yake.

"Umeona? Imewezekana."

Fundi alivaa miwani. Aliitazama juu hadi chini, kisha akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama."

"Sijaiuliza karatasi. Nakuuliza wewe. Huyu ni nani?"

Nilimwangalia yule mwanamke mwembamba wa mawaridi, mabega yake sawasawa kama mlango. Angeweza kuwa mama wa mtu yeyote. Nikasema, "Sijui," nikalia pale kwenye benchi, mbele ya mwanafunzi aliyekuja kupiga paspoti. Fundi hakunibembeleza. Alimpiga yule mwanafunzi picha, akampa, akaagana naye. Kisha akasema, "Niachie ile ya zamani. Ile yenyewe. Na kijiji chenu kinaitwaje tena?"

Nikaitoa kwenye daftari, nikamwachia. Sikufikiria kwa nini aliuliza kijiji.

Baada ya hapo kazi ilinihamishia Ludewa karibu miaka miwili, nikawa napita Makambako usiku ndani ya basi, sishuki. Niliporudi, chumba kilikuwa na mitungi ya gesi. Muuzaji alinielekeza nyumbani kwake, ng'ambo ya reli.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, jua la saa nne likimpiga, sweta ni lile lile. Nilimwamkia. Aliinua uso upande wangu lakini si kwangu hasa.

"Marahaba. Nani?"

"Mwandishi, Mama."

"Aa, Mwandishi! Sogea hapa karibu. Hapo ulipo nakuona una sakitu."

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alieleza bila kujihurumia, kama anavyoeleza ubovu wa mashine: kwamba sasa kila mtu amezungukwa na weupe, na kila taa imeota manyoya. Dada yake wa Lugarawa alikuwa anakuja kumchukua wiki ile, akaonwe na madaktari wa hospitali ya misheni, na baada ya hapo angekaa kwa dada. "Maisha yangu yote nimewaondolea watu kile kitu," alisema, "sasa wamenirudishia yote kwa pamoja." Akacheka sana. Mimi sikuweza.

Kisha akaniambia niingie ndani, chini ya kitambaa cha meza, nilete bahasha ya kaki.

Ndani mlikuwa na picha yangu ya kwaya, karatasi ya daftari iliyokunjwa, na picha nyingine kubwa, imegeuzwa.

"Anza na karatasi," alisema. "Soma kwa sauti, nione kama mwandiko wangu bado unasomeka."

Alikuwa amemwuliza kila aliyetoka upande wa kijiji chetu na kuingia studio: waliosubiri gari, waliokuja na misiba, waliokuja kupiga paspoti. Tangu siku ile aliyoniuliza jina la kijiji. Nilisoma.

"Mama muuza kabichi. Aliimba naye sauti ya pili. Kichwa kiliinama kulia akiimba, hata akinyamaza."

"Mzee wa kanisa. Hakumbuki chochote, ameongea sana."

"Aliyeshona majoho. Anakumbuka. Joho la huyu alilipunguza urefu upande wa kushoto, vinginevyo pindo lingegusa chini. Bega la kushoto lilishuka."

"Jirani yao wa zamani. Ndiyo, la kushoto. Alibeba mtoto ubavuni upande huo, kutwa, akilima, akipika. Mtoto alikataa mgongo. Ukimfunga mgongoni analia hadi anazimia. Wakamcheka, akasema mwacheni, anataka kuniona."

Niliikunja karatasi. Fundi alingoja, kama alivyowangoja wengine.

"Sasa geuza picha."

Niligeuza. Alikuwa amemweka juu ya rangi ya kijani iliyokolea, kama mashamba ya chai wakati wa mvua, bila mabawa, bila mawaridi. Kichwa kimeinama kidogo kulia. Bega la kushoto limeshuka, ukingo wake safi, na mkono ukining'inia mtupu kwa namna ya mkono usiozoea kuwa mtupu. Karibu na sikio la kushoto, kwenye nywele, kulikuwa na uzi mmoja mwembamba mweupe.

"Pale kwenye sikio," nilisema.

"Najua. Pale hakuna aliyenijibu. Sijui ni unywele au ni chokaa, nimeuacha." Aliuvuta mkono wa sweta hadi kwenye vidole. "Niliimaliza wakati jicho la kulia bado linaona. Nikasema Mwandishi akimtaka mama yake aje mwenyewe, sitampigia simu. Ulichelewa."

"Nisamehe, Mama."

"Sikukuambia uombe msamaha. Mwandishi."

"Naam."

"Alikuwaje mama yako? Mabega."

"La kushoto lilishuka."

"Kwa nini?"

Treni ya mizigo ilikuwa inapita, nikasubiri imalizike ili anisikie.

"Nilikataa mgongo," nikasema.

"Haya," akasema Fundi, akafumba macho kulielekea jua. "Sasa unaweza kumtundika."